Mama Kavugho na Moto Usio na Moshi

Kijiwe chetu kiko Mikelenge, mtaa wa Kindu, kwenye kona ambapo njia ya soko inashuka kuelekea mtoni. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliokaa juu ya matofali. Mbele yake Mama Aïcha huweka birika la kahawa ya tangawizi juu ya mkaa, tunaouita makala, tangu asubuhi, na sisi tunakaa hapo mpaka liishe. Mimi natengeneza baiskeli pembeni, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia nasikia, na mara nyingi nataka. Niseme mapema: ‘njo’ yetu ni ‘ndio’ yenu, na hapa kwetu hatumwamini mtu. Ukitupa sukari ya bure tutauliza kwa nini hukutupa chumvi. Tulizoea hivyo wakati wa vita, mji ulipozingirwa, kila mgeni akahesabiwa kuwa mpelelezi, na vita vilipokwisha tabia ikabaki. Jumamosi ile zamu ya kushukiwa ilimwangukia Mama Kavugho, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mashariki, mwenye duka la chumvi na sardini. Kosa lake lilikuwa moja tu: kila Jumamosi anavusha vijana wa mtaa kwa mtumbwi mpaka Alunguli, ng'ambo ya mto, anaingia nao kichakani, na huko anawafundisha kupika kwa moto wa kuni.

Aliyeanza ni Djo, tunayemwita Antenne. Yeye anachaji simu za watu kibandani, na nadhani anasoma ujumbe wao pia.

Antenne: Wameisha kuvuka. Nimeona na macho yangu. Watoto, sufuria, bidon ya maji, na ye Kavugho mbele, panga ku mukono.

Docta: Panga ya nini?

Antenne: Eti ya kukata kuni.

Docta: Eti!

Docta ni Paulin, anayetembeza dawa kwenye beseni. Hakusoma udaktari popote, lakini ametutibu sote, na waliopona wanamsifu.

Docta: Bon, mi minauliza kitu moja. Kila nyumba hapa Kindu iko na mbabula ya kupikia. Kila mama iko na makala. Sasa mutoto wa mujini anafundishwa kupika mu pori, ataenda kupikia nani?

Mama Aïcha: Ye mwenyewe. Likizo ikifika, watoto yenu wote wanakimbilia mugodi ya Kama kuchimba zahabu. Kule nani anawapikia? Wanawasha moto na plastiki, wanakunywa maji ya shimo, wanarudi na tumbo ya kuharisha na miguu ya kuungua. Njo kwa sababu mama ya watu anawafundisha.

Antenne: Mama Aïcha, we uko na moyo nyepesi. Hata kahawa yako ni nyepesi vile vile.

Tulicheka wote isipokuwa Wagon. Huyo jina lake la kweli ni Désiré, alifanya kazi ya reli tangu ujana, na kama treni zetu anachelewa kuondoka, lakini akishaondoka usisimame mbele yake. Asubuhi ile alikuwa bado stesheni.

Antenne: Mi minaona ni commerce. Leo anawafundisha, kesho anawauzia sufuria. Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Huyu hakungoja kupewa.

Docta: Angalia mbali, Antenne. Ni dini. Mbele ya kupika wote wananawa mikono na sabuni, wanapanga mustari. Halafu wanasimama kuzunguka moto. Kisha wanakula pamoja. Inabakia nini? Ubatizo!

Mama Aïcha: Na we Docta, unanawaka mikono mbele ya kupiga watu sindano?

Docta: Tusitoke mu sujet.

Antenne alikunywa kidogo, akapangusa mdomo, na nikajua kuna kitu amekibana. Mtu huyu akiwa na habari mbaya hawezi kuficha furaha yake.

Antenne: Papa Désiré, usikasirike. Mutoto yako Princesse njo anabebaka sufuria kubwa.

Wagon: Princesse iko nyumbani.

Antenne: Princesse iko Alunguli. Mama yake njo alimupa ruhusa. Haraka haraka haina baraka, lakini ungewahi leo ungemukuta ku bivuko.

Wagon aliweka kikombe chini. Wiki nzima alikuwa amemkatalia binti yake, sote tulisikia, kwa sababu Wagon hugombana nyumbani kwa sauti ya mtu anayeita abiria. Princesse ni kitinda mimba wake, ana miaka kumi na mitano, na hana mwingine aliyebaki nyumbani. Aliinuka akashuka mtoni bila kutuaga. Baada ya muda akarudi. Mtumbwi ulikuwa ng'ambo na mvushaji amelala ndani yake. Akakaa tena kwenye ubao, uso kuelekea mto.

Wagon: Akirudi tu, njo mwisho. Hatavuka tena na ule mama.

Mama Aïcha: Kwa kosa gani, Papa Désiré?

Wagon: Mi minajua.

Nyinyi mnaotoka mbali mngedhani hapo watu wazima wangesema maneno ya kupoza. Hapana. Sisi tuliongeza kuni.

Antenne: Tuseme ukweli. Ye mama anatoka wapi? Ku mashariki. Na vita iko wapi? Ku mashariki.

Mama Aïcha: Aliikimbia, kama vile sisi tulikimbia yetu.

Antenne: Njo vile wanasemaka. Sikieni. Niliuliza mutoto moja wa jirani, nikamupa chaji ya bure, akaniambia yote. Munajua somo ya kwanza ilikuwa nini? Kuwasha moto bila moshi!

Docta alisogea karibu.

Docta: Namna gani?

Antenne: Wanachimba shimo. Pembeni wanachimba ingine ndogo, inakutana na ile kubwa chini, upepo upite. Kuni ya kukauka tu, wanatosha ganda, wanaitupa. Eti moshi inaharibu mapafu na macho.

Docta: Mapafu! Shimo mbili ni ya mapafu? Ile ni ya kujificha. Penye moshi hapakosi moto, lakini penye moto bila moshi, pale njo hapakosi bunduki.

Antenne: Na ile shimo ndogo lazima iangalie upande upepo inatoka. Ukikosea, moshi inakurudilia.

Docta: Hapana, kwanza ni kuni. Ganda njo inaleta moshi. Sisi tulikuwa tunavunja matawi ya kukaukia juu, ya chini inanyonya maji.

Mimi: Na unapika wakati wa ukungu. Ikitoka kidogo, inachanganyika.

Docta: Njo! Na juu unategesha majani, moshi inatawanyika, haisimami kama muti.

Tulikuwa tumesahau Kavugho kabisa. Kila mmoja aliegemea mbele na kuonyesha kwa mikono kina cha shimo lake. Docta alidai lake lilishinda la kila mtu katika pori la upande wa Pangi. Antenne, ambaye wakati ule alikuwa bado mdogo mgongoni mwa dada yake, alieleza shimo la dada kana kwamba alilichimba yeye. Sijawahi kuona watu wazima wakijivuna hivyo kwa kujua kujificha.

Mama Aïcha: Munajua sana. Watoto yenu munawaambia hii yote?

Docta: Watoto hawana haja ya kujua.

Antenne: Ngoja, haijaisha. Wakimaliza kupika, wanamwaga maji juu ya moto. Wanageuza majivu, wanamwaga tena, kila mutoto anatia mukono kuona kama imekuwa baridi. Halafu wanafukia shimo, wanarudisha majani. Kavugho anasema pori isiungue, mutoto asikanyage makala.

Docta: Ni kufuta nyayo!

Antenne: Na sufuria inafunikwa kila wakati. Eti nzi, eti vumbi.

Docta: Harufu! Harufu ya nyama ya kuchemka inasafiri kuliko sauti ya risasi. Muntu wa kujificha njo anafunika sufuria.

Mimi: Na maji lazima ichemke mbele ya kunywa.

Docta: Ile ni ya kuua vitamini, wakuwe wapole.

Mama Aïcha: Yesu na Maria, hata mimi mwislamu nawaita.

Basi kufikia hapo, kwa hesabu ya kijiwe, Mama Kavugho alikuwa na jeshi zima la wapishi, wamenawa mikono, wamebatizwa, hawana moshi, hawana harufu, hawaachi nyayo, na siku moja watatokea upande wa Alunguli na miiko mikononi. Nilikuwa nacheka moyoni, na bado nilikuwa naamini nusu. Mtu aliyewahi kulala porini akisikiliza hatua za watu haachi kabisa kuamini.

Ndipo Wagon akaondoka stesheni.

Wagon: Ninyi munasema vita, munasema dini. Mi siogopi ile. Mi minaogopa mukono ya kupa watu chakula.

Docta: Papa Désiré, tuache ile.

Wagon: Kwa nini tuache? Munajua Odette.

Tulimjua kwa jina. Odette alikuwa mtoto wake wa kwanza, alifia porini wakati wa vita. Na mtaa mzima unajua nani alimuua: Emerance, mwanamke anayekaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, pale pale mbele ya benchi letu, mlango wa bati la bluu. Emerance anakaanga mikate, lakini sisi hatununui. Wanunuzi wake ni wapita njia wasiojua. Watoto wanafundishwa kupita upande mwingine. Hata hivyo Wagon hakuwahi kutusimulia ilivyokuwa, na sisi hatukuwahi kuuliza. Tuhuma ikishazeeka mtaani, hakuna anayeiomba kitambulisho.

Wagon: Tulikuwa mu pori ya kuelekea Kibombo, kabanda moja, sisi na Emerance. Bibi yangu, mama ya Odette, alikuwa na homa, hata jina yake alikuwa amesahau. Njaa. Njaa ya kweli, ile mutoto hana hata nguvu ya kulia. Siku moja Emerance anaenda, anakuta shamba ya muntu wa kukimbia, anarudi na muhogo. Anatukatia nusu. Nilimuambia asante. Munasikia? Nilimuambia asante!

Mimi: Na nani alipika?

Wagon: Mi mwenyewe. Mi mutoto wa camp ya reli, sijapikaka, lakini muhogo ya kuchemsha nani hajui? Unamenya, unatia mu maji ya moto, unangoja ilainike. Nilifanya shimo, bila moshi, vile tu munasema. Donc sumu haikutoka ku mukono yangu. Ilikuwa imeisha kuingia mbele nipike.

Docta: Na ye Emerance, alikula?

Wagon: Njo pale! Hakukula. Nusu yake aliimenya, akaipeleka ku kijito, akaitia mu maji, jiwe juu, majani juu ya jiwe. Aliificha. Ye iko kule anaficha, mi niko napika. Odette akakula mpaka akashiba. Mi nilionja tu, yote nilimuachia ye.

Alichukua kikombe chake, akakirudisha chini bila kunywa.

Wagon: Halafu Emerance anarudi kutoka kijito. Anaona sufuria haina kitu. Anapiga kelele, anashika kichwa! Na mutoto bado hajaugua, iko anacheka. Sasa niambieni. Alijua namna gani?

Antenne: Kikulacho kiko mu nguo yako.

Wagon: Asubuhi Odette alikuwa ameisha kufa. Mi nilitapika, nikapona. Tukazika. Emerance alitaka kuniambia kitu, sikumusikiliza. Siku zinapita, Emerance anaenda anatosha muhogo yake mu maji, anapika, anakula. Haugui! Shamba moja, muhogo moja. Nani anaficha chakula mu maji kama hana kitu anajua?

Hakuna aliyekuwa na shaka. Hata mimi, nikiwa nimeshika spoku mkononi, niliona ushahidi umekamilika. Mama Aïcha peke yake aliacha kupepea makala. Aliangalia mlango wa bati la bluu, kisha akamwangalia Wagon.

Mama Aïcha: Papa Désiré, ile muhogo ilikuwa...

Wagon: Ilikuwa nini?

Mama Aïcha: Hapana. Kunywa kahawa.

Nilidhani anaogopa kutaja jina la Emerance. Wanawake wengi mtaani wanaliogopa.

Mtumbwi ulifika wakati jua liko juu ya vichwa. Tuliwasikia vijana kabla ya kuwaona, wanapanda njia wakiimba, na wakatawanyika kila mmoja kwao. Princesse alikuja moja kwa moja kijiweni. Alikuwa na sufuria ndogo iliyofunikwa, ameishika kwa kitambaa, na alipomwona baba yake alisita, kisha akaja hivyo hivyo.

Princesse: Shikamooni, ba papa. Shikamoo, Mama Aïcha.

Wagon: Nilikuambia nini?

Princesse: Mama aliniambia niende. Baba, usinipige mbele ya watu. Onja kwanza.

Wagon: Chakula ya mukono ya nani?

Princesse: Ya mukono yangu. Mi njo nilipika, toka mwanzo mpaka mwisho. Muhogo.

Antenne aliangalia pembeni. Wagon hakugusa sufuria.

Wagon: Weka chini. Toka leo hauvuke tena. Yule mama simujui. Chakula ya pori iliisha kuniondolea mutoto moja.

Princesse aliweka sufuria juu ya benchi. Machozi yalimlengalenga, lakini yeye ni mtoto wa Wagon, hakunyamaza.

Princesse: Baba, hii haiwezi kuuwa muntu. Njo tulijifunza ile. Hii ni muhogo ya muchungu. Mama Kavugho anasema ya muchungu na ya tamu zinafanana ku macho, hata mukubwa anakosea. Tuliiloweka mu maji kwake toka siku nyingi, mpaka ikawa laini na maji ikabadilika, tukamwaga. Leo njo tukaipika. Usipoloweka, hata uchemshe namna gani, hata ilainike mu sufuria, sumu inabakia.

Wagon: Sumu.

Princesse: Ndiyo. Na mutoto mudogo njo anakufa wa kwanza, zaidi kama alikuwa na njaa mingi.

Mama Aïcha aliweka mkono mdomoni. Docta, ambaye ana jibu la kila ugonjwa, alianza kupanga upya paketi za dawa kwenye beseni lake.

Wagon: Anasema ile sumu, nani anaitia?

Princesse: Hapana muntu, Baba. Muhogo inazaliwa nayo. Maji njo inaitosha, inaiondoa.

Wagon alimtazama binti yake. Sikuwahi kuuona uso wake ukiwa mtupu namna ile. Mimi niliyecheka asubuhi nzima nilihisi vibaya sana, na nikatamani mtoto asiseme tena neno. Lakini hakujua. Alidhani baba yake ameanza kulainika, akakaa karibu naye kwa furaha.

Princesse: Mama anasemaka kule pori mulikulaka muhogo. Ninyi mulikuwa munaloweka siku ngapi?

Antenne, anayejua habari za Punia kabla hazijatokea, alishika simu ya mtu iliyokuwa imezimika na kuikodolea macho. Mimi nilizungusha gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mama Aïcha aliinua birika kumimina, likatoa machicha tu.

Princesse: Baba?

Wagon aliinuka. Alichukua sufuria kwa mikono yote miwili, bila kitambaa, na bado ilikuwa ya moto. Nilidhani anakwenda kwake. Alivuka barabara. Alipofika mbele ya mlango wa bati la bluu alisimama, mabega yameshuka, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Tangu vita viishe hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kupiga hodi pale.

Princesse alimfuata mbio, haelewi, ana wasiwasi na sufuria yake. Ndiye aliyepiga hodi.

Ndani kulikuwa na mafuta yanakaanga. Yakanyamaza. Kisha tukasikia sauti ya Emerance, taratibu, ya mtu ambaye hajazoea wageni:

— Njo nani?

Wagon alisimama pale na sufuria mikononi, na hakuweza kusema ni nani.